Maswali yenu: bunduki kuukuu ya jeshi ina thamani gani?

Karibu barua zote za safari hii zinauliza bei. Tumezijibu, ila mtaona kwamba bei tunaifikia mwisho: kwanza karatasi, kisha nambari, kisha ubao na chuma. Anayeanza na bei huishia kudanganywa, ama huishia kituoni.

SWALI: Assalaam alaykum. Ami yetu amefariki, na tulipokuwa tukitoa vitu ghalani kwake tumekuta bunduki ndefu imefungwa gunia. Kwenye chuma pameandikwa SHT. L.E. III* na 1917. Kijana wetu asema Ulaya zinauzwa ghali. Yaweza kuleta kiasi gani? — Bi. S., Mji wa Kale

JIBU: Waalaykumu salaam, bibi, na poleni kwa msiba. Kwa hali iliyopo sasa bei yake ni sufuri. Bunduki isiyo na cheti hapa Kenya haiuziki wala haitolewi zawadi, na kukaa nayo ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Umri hauisamehe. Mtutu unaoweza kutoa risasi ni silaha, na sehemu zake, kama mtutu wenyewe na bolti (kile chuma cha kuvutwa kinachofunga nyuma ya mtutu), msizichukulie kuwa vyuma chakavu. Hata kama marehemu alikuwa na cheti, cheti kilikuwa chake yeye. Hakimo katika mirathi.

Fanyeni hivi. Iacheni ilipo. Msivute bolti, msiguse kilimi cha kufyatulia, watoto wasikaribie. Msiitie kwenye buti la gari wala msipande nayo matatu kuipeleka kituoni, maana njiani mkisimamishwa hamtakuwa na la kueleza. Mmoja wenu aende kituoni mikono mitupu, aeleze, polisi waje kuichukua wenyewe. Ombeni nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na stakabadhi inayotaja aina ya bunduki na nambari yake. Tafuteni pia katika karatasi za marehemu. Cheti cha zamani kikipatikana, mrithi mwenye sababu inayokubalika anaweza kuomba cheti chake kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na bunduki ikahifadhiwa na polisi au kwa muuzaji mwenye leseni wakati ombi linasubiri. Karatasi isipopatikana, isalimisheni na muwe na amani.

Sasa kuhusu maandishi. Hiyo ni Lee-Enfield fupi, ya risasi za .303, magazini ya risasi 10, urefu wa sentimita 113 hivi. Alama ya nyota baada ya III yaonyesha ni ile iliyorahisishwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia 1916. Waliondoa kilengeo cha masafa marefu kilichokuwa ubavuni, pamoja na kile kibamba cha kuzuia magazini ili askari atie risasi moja moja. Kwa hiyo yenu ni ya toleo lililotengenezwa kwa wingi mno. Ile ya kabla ya vita, III isiyo na nyota, yenye kilengeo cha ubavuni na kibamba bado mahali pake, ndiyo wakusanyaji wanayoigombania. Mkipiga picha bila kuigusa, pigeni ile pete ya chuma inayoshika kitako, chini ya mkono wa bolti, upande wa kulia. Hapo pana taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda na mwaka. Picha hiyo itamsaidia afisa kuandika maelezo sahihi, nanyi mtabaki na kumbukumbu ya mzee.

SWALI: Nina shamba upande wa Kilifi na cheti halali cha Lee-Enfield No. 4 aliyoniachia marehemu babangu. Niliomba upya nikapewa. Mtu mmoja ameniambia nambari ya bolti haifanani na ya mwili, kwa hiyo "haina kitu". Ni kweli? — Msomaji, Nyali

JIBU: "Haina kitu" ni maneno ya mnunuzi. Lakini msingi wa aliyosema ni wa kweli, na hapa ndipo penye pesa, basi tutulie kidogo.

Kiwandani, bolti ya Lee-Enfield ilisuguliwa kwa mkono hadi meno yake mawili ya kufungia yakae sawasawa ndani ya mwili wa bunduki ileile. Baada ya hapo ilipigwa nambari ya bunduki nyuma ya mkono wake. Bolti ya bunduki nyingine yaweza kuingia na kufunga vizuri kwa macho, kumbe jino moja tu ndilo linalobeba nguvu ya mlipuko. Au yaacha nafasi nyuma ya risasi, ganda likapasuka, moshi na vipande vikarudi usoni. Kwa hiyo nambari zisizofanana hupunguza bei kwa sababu mbili: bunduki si ile iliyotoka kiwandani, na usalama wake haujulikani mpaka upimwe.

Kipimo ni rahisi kwa fundi mwenye leseni na vifaa. Kuna vibao viwili vya chuma vya kupimia ukingo wa ganda la .303: cha inchi 0.064, ambacho bolti lazima ikifunge, na cha inchi 0.074, ambacho bolti isikifunge hata kidogo. Ikikifunga hicho cha pili, bunduki isipigwe. No. 4 ina dawa ambayo Mauser ya Kijerumani haina: kichwa cha bolti hufunguliwa kwa kuzungusha, na vilitengenezwa vya ukubwa tofauti, vimeandikwa 0, 1, 2 na 3. Mara nyingi kubadilisha kichwa hurudisha kipimo mahali pake. Usalama utarudi, ukamilifu wa nambari haurudi.

Usiishie kwenye bolti. Kagua nambari kwenye mwili, kwenye mtutu, chini ya ncha ya ubao wa mbele, na kwenye magazini kama iliandikwa. Kwa zile fupi za Vita vya Kwanza, tazama pia kofia ya chuma iliyo mdomoni pa mtutu na kilengeo cha nyuma. Mauser za Kijerumani ni kali zaidi: hata skrubu na vipande vidogo hubeba tarakimu mbili za mwisho, na mkusanyaji atafungua kimoja kimoja.

Chunguza sura ya nambari, siyo thamani yake tu. Tarakimu nyingi za kiwandani zilipigwa kwa muhuri wa chuma: kingo zake zimezama, rangi ndani ya shimo ni sawa na ya chuma cha jirani. Nambari inayong'aa ndani ya shimo wakati chuma kingine kimefifia, imeongezwa baadaye. Siyo kila nyongeza ni utapeli. Jeshi lenyewe lilibadilisha bolti, likafuta nambari ya zamani kwa mstari na kupiga mpya, na bunduki iliyorudi kiwandani kufanyiwa ukarabati mkubwa hubeba herufi FTR na mwaka. Hiyo ni historia yake halali. Tunayoiogopa ni nambari "iliyosahihishwa" juzi ili iuzwe.

Herufi nyingine mbili za kutafuta kabla hujazungumza bei: DP na EY. DP ni bunduki ya gwaride. Mara nyingi ilikuwa imeshachakaa au imetobolewa makusudi, na haipaswi kupigwa. EY iliwekwa akiba kwa dharura tu. Muuzaji akikaa kimya juu ya herufi hizo, nawe funga mfuko.

SWALI: Fundi wa fanicha hapa mtaani asema akiipiga msasa na vanishi kitako cha bunduki ya mjomba itapendeza na kupanda bei. Mjomba ana cheti. Tumpe? — K., Kisauni

JIBU: Msimpe. Kwanza, fundi wa fanicha hana ruhusa ya kukaa na bunduki ya mjomba wako hata kwa saa moja. Pili, msasa ndio unaoua bei kuliko kutu. Kwenye ubao kuna mihuri ya wakaguzi, nambari, mikwaruzo ya kiwandani, na kingo kali pale ubao unapokutana na chuma. Msasa ukipita, kingo huviringika, ubao hushuka chini ya usawa wa chuma, na mihuri hufifia. Mnunuzi anayejua atapitisha kidole tu pale ukingoni, atajua.

Uchafu wa mafuta na jasho hutolewa kwa kitambaa kilicholowa tapentaini kidogo, ukisugua kufuata nyuzi za mbao na kubadilisha kitambaa kila kinapoingia weusi. Ukikauka, paka mafuta ya kitani mabichi, matone machache kiganjani, sugua mpaka mkono upate joto, futa yaliyobaki. Kwa unyevu wa Mombasa acha siku 2 au 3 kabla ya mkono wa pili. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivifinyange na kuvitupa kwenye pipa: mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa huweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje au vitie kwenye ndoo ya maji.

Kutu je? Ile kahawia iliyotulia, isiyotoa unga kidoleni, iacheni. Ile nyekundu inayoacha unga ndiyo inayokula chuma. Tieni mafuta mepesi ya mashine, acheni usiku kucha, kisha kwangueni kwa kitu cha shaba. Zile senti kumi za zamani zenye tundu zafaa kabisa, kwa sababu ni laini kuliko chuma cha bunduki: zinaondoa kutu bila kuchora. Waya wa kusugulia sufuria hapana. Wala msikubali bunduki "itiwe rangi mpya". Ile rangi nyeusi ya asili, hata ikibaki asilimia 40, ina bei kuliko rangi mpya ya asilimia 100.

Na msiihifadhi ndani ya ala ya ngozi au sponji. Vyote hunyonya unyevu wa bahari na kuushika hapo hapo kwenye chuma.

SWALI: Kwenye mtandao naona bunduki ileile moja ikiandikwa dola 400, nyingine dola 2,500. Niamini ipi? — Msomaji, Bamburi

JIBU: Usiamini bei anayoitaka muuzaji. Mtu anaweza kuandika dola elfu kumi na tangazo likae mpaka lizeeke. Tafuta bei zilizolipwa kwenye minada iliyokwisha: Holts na Bonhams za Uingereza, Rock Island ya Marekani, zote huchapisha matokeo ya mauzo yao. Kusanya matokeo sita au zaidi ya modeli ileile, kiwanda kilekile, miaka ya karibu. Ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa. Zilizobaki zipange kwa hali yake, uone yako inaangukia wapi.

Soma maelezo madogo chini ya bei. Nyumba nyingine hutangaza bei ya nyundo, yaani ile iliyofikiwa mnadani kabla ya ada, nyingine hutangaza bei pamoja na ada ya mnunuzi. Tuchukulie tangazo linasema dola 1,000 na ndani yake mna ada ya mnunuzi ya asilimia 20. Nyundo ilianguka kwenye dola 833. Muuzaji naye hukatwa ada yake. Ikiwa ni asilimia 15, zimeondoka 125, zimebaki 708. Bado hujatoa picha, bima, usafiri na vibali. Basi yule "wa dola 1,000" ametia mfukoni chini ya 700.

Halafu linganisha vinavyolingana. Zilizoingizwa Marekani baada ya sheria yao ya 1968 hupigwa muhuri wa mwagizaji, na muhuri mkubwa ubavuni mwa mtutu hushusha bei ukilinganisha na bunduki ileile isiyo nao. Iliyokatwa ubao wa mbele na kufanywa ya kuwindia, na Afrika Mashariki hizo ni nyingi mno kwa sababu walowezi walipenda bunduki nyepesi, kwa kawaida haifiki hata nusu ya ile kamili. Ubao uliokatwa waweza kununuliwa mwingine, ndiyo, lakini mtutu uliofupishwa haurudi.

Na bei hizo ni za soko la Marekani na Uingereza. Hapa Kenya wanunuzi ni wenye vyeti tu, wachache, na kila uhamisho lazima upite kwa ofisi ya leseni. Hakuna soko huria la kulinganisha nalo. Mtu anayekuambia "Mombasa hii inakwenda laki tatu, nipe nikuuzie" anakuingiza kwenye biashara ya magendo.

SWALI: Nyumbani tuna bunduki ndefu ya ukutani yenye mapambo ya fedha, ya mababu kutoka Lamu. Inajazwa kwa mdomo. Je, hiyo nayo yahitaji cheti, na ina bei gani? — Ustadh M., Majengo

JIBU: Ustadh, kabla ya bei kuna hatari moja. Bunduki hizi zilitundikwa ukutani zikiwa zimeshindiliwa, na baruti nyeusi iliyokaa kavu ndani ya mtutu haichoki kwa miaka mia. Chukua ufito wa mbao, usiwe wa chuma, uuingize taratibu kwa mdomo wa mtutu mpaka ukwame, huku uso na mikono haviko mbele ya mdomo. Tia alama kwenye ufito pale mdomoni. Uutoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikae sawa na mdomo. Ncha ya ufito ifike kwenye tundu la moto, lile dogo la ubavuni. Ikiishia sentimita 4 au 5 kabla ya tundu, kuna kitu ndani. Yaweza kuwa kiota cha nyigu, yaweza kuwa baruti na risasi. Usijaribu kukitoa, piga simu polisi.

Kuhusu sheria, tungewashauri mtoe taarifa na mpate jibu la maandishi kutoka kwa ofisi ya leseni, badala ya kukisia kwamba "ni ya zamani". Kuna na sheria ya pili, ambayo wengi hawaijui: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Mtalii anayetaka kuifunga kwenye begi lake anawatia nyinyi matatani. Mahali pa kuuliza ni Makumbusho ya Ngome ya Yesu, hapo hapo kwenu.

Bei yategemea ni ipi kati ya tatu. Ya utambi, mtindo wa Oman, ina mtutu mrefu mno na kitako chembamba, na mdomo mdogo wa kushika utambi unaoshuka kwenye kisahani cha baruti. Ya gumegume ina nyundo inayobana jiwe na kulipiga kwenye chuma. Ya fataki ina nyundo inayopiga chuchu ndogo ya chuma. Nyingi za hizi ni za biashara, zilizotengenezwa Ulaya kwa bei rahisi kuletwa pwani, na thamani yake ni ya chini. Mtutu wa Oman au Uajemi ulio na michirizi ya chuma cha kusokotwa, na pete za fedha halisi, ndio wa thamani.

Tazama pia kama si pambo la watalii. Tundu la moto liwe limetoboka mpaka ndani. Kwenye za bandia huwa limechongwa juu juu tu. Skrubu zenye hesi nyembamba zilizofanana zote ni za mashine ya juzi. Mapambo "ya fedha" yanayoshikwa na sumaku ni bati. Na kama pameandikwa TOWER, muhuri wa ghala la silaha la London, kwa herufi zisizo sawa, au N imegeuka, iliyoiga ni karakana isiyojua Kiingereza.

Hilo la N laendea mbali. Bunduki za Martini-Henry za kuiga kutoka mpakani mwa Afghanistani zimejaa duniani, na makosa yake ni yaleyale: ENFIELD yenye N ya nyuma mbele, au taji la V.R. pamoja na mwaka wa baadaye. Malkia Victoria alifariki Januari 1901. V.R. na 1907 haviwezi kukaa pamoja.

SWALI: Bibi anatumia kisu kirefu cha kijeshi kufulia nazi. Kina taji na 1907. Ni singe? — Mwanakombo, Likoni

JIBU: Ni singe ya Lee-Enfield, na kwanza mpe bibi chombo kingine cha kufulia. Ule 1907 ni jina la modeli, siyo mwaka wa kutengenezwa. Wengi hukosea hapo. Mwaka wake umeandikwa chini kwa tarakimu mbili pamoja na mwezi: 5 '17 ni Mei 1917. Chini yake kuna jina la kiwanda, kama Wilkinson, Sanderson, Chapman, Vickers au Mole. Upande wa pili kuna alama ya mshale wa serikali na X, yaani bapa lilipindwa kwa majaribio likarudi sawa.

Bapa lipimwe: sentimita 43 hivi. Fupi zaidi maana yake limekatwa, na bei inaporomoka. Halafu tazama kati ya mpini na bapa. Kama chuma cha kizuizi kimejikunja kuwa ndoano, bei huruka mara kadhaa, kwa sababu ndoano zilifutwa 1913 na zilizobaki nyingi zikakatwa. Ndiyo maana wapo wanaoichomelea upya. Angalia kama kuna mshono au rangi tofauti ya chuma, na usome tarehe: ndoano kwenye singe ya 1917 ni ya kubandika. Singe ya kawaida isiyo na ala ina thamani ndogo. Ala yake ya ngozi yenye vyuma pande zote mbili yaweza kuongeza karibu nusu. Ila msiitunze ndani ya ala hiyo. Tindikali ya ngozi hula bapa.

SWALI: Kitako cha bunduki ya baba kina kisahani cha shaba kilichoandikwa KAR. Ni ya askari wa Keya kweli? Itaongeza bei? — Msomaji mwenye cheti, Changamwe

JIBU: Yaweza. KAR ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ndiyo Keya. Kikosi na nambari ya bunduki kikosini viliandikwa kwenye visahani hivyo, na Keya ilikuwa na batalioni kadhaa tangu 1902. Tatizo ni kwamba kisahani kinashikwa na skrubu moja tu. Anayetaka kupandisha bei hununua kisahani akakifunga dakika mbili. Kifungue uone: chini yake ubao uwe na kivuli cha mviringo, rangi safi kuliko jirani, na uchafu mkavu uwe umeziba ukingo. Skrubu yenye mfereji uliochubuka na shaba inayong'aa vinatia shaka. Vitako vingi vya kuanzia Vita vya Kwanza havikuwekewa kisahani kabisa, kwa hiyo kisahani kwenye kitako kisicho na shimo lake la asili ni kazi ya mtu.

Kikiwa na karatasi, kwa mfano kitabu cha utumishi cha babu au picha, weka pamoja na usivitenganishe. Kisahani peke yake tungekipa nyongeza ndogo tu.

SWALI: Fupi: "Jungle carbine" nitaijuaje kama ni ya kweli?

JIBU: Hiyo ni Lee-Enfield iliyofupishwa kwa vita vya msituni. Za kweli, No. 5, zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1944 mpaka 1947, Fazakerley na BSA. Kofia ya kuficha mwali wa moto mdomoni na mpira kitakoni si ushahidi, vinauzwa. Tazama pale ambapo mwigaji hachongi: mtutu, chini ya ubao karibu na mwili, umepunguzwa chuma kwa michongo, mwili umenyolewa ubavuni, tufe la mkono wa bolti limetobolewa ndani. Ubavuni kushoto pawe na No 5. Ukikuta No 4 au SHT. L.E., imekatwa.

SWALI: Bunduki yenye TERNI na XVIII ni ya mwaka gani? — Msomaji, Makupa

JIBU: Carcano ya Italia. XVIII ni mwaka wa 18 wa hesabu ya utawala wa Mussolini, kati ya Oktoba 1939 na Oktoba 1940. Nyingi zilitekwa Somalia na Ethiopia 1941. Bei yake iko chini siku zote, na bila kile kibanio cha risasi 6 magazini haifanyi kazi, itapiga risasi moja moja tu.

SWALI: Vijana wanauza maganda ya risasi "za vita vya Wajerumani" kutoka Maktau na Salaita, kule Taita kulikopiganwa Vita vya Kwanza. Yana bei? — R., Mwembe Tayari

JIBU: Kwa ganda moja, karibu hakuna. Ya .303 yana ukingo uliotokeza na urefu wa milimita 56. Ya Mauser ya 7.92 hayana ukingo, yana mfereji. Makubwa yenye ukingo, ya milimita 60 na tundu la 11, ni ya Mauser za 1871 walizopewa askari wengi wa Kijerumani, zilizofyatua moshi mzito uliowafichua. Haya ya mwisho ndiyo yanayotafutwa kidogo. Lakini thamani yake kubwa ni pale yalipolala: maganda 30 mahali pamoja yanamwonyesha mtafiti mstari wa wapigaji ulikuwa wapi, na yakishaokotwa na kuuzwa Mwembe Tayari hayasemi tena lolote. Kilicho na risasi bado mbele, kisichofyatuliwa, si ganda; ni risasi, na sheria ni ileile ya swali la kwanza. Kisipashwe moto, kisigongwe, kisitiwe mfukoni. Wekeni alama mahali, muite polisi.